Lifuateni Neno "Ili": Mavazi ya Makuhani wa Israeli na Sababu Zake

Ndugu zangu walimu wa Maandiko, wahubiri, na ninyi mafundi wa kushona mliokuja kusikiliza, amani kwenu.

Mahubiri mengi juu ya mavazi ya Haruni, kuhani mkuu wa kwanza wa Israeli, huanzia kwenye rangi. Samawi ni mbingu, zambarau ni ufalme, nyekundu ni damu, nyeupe ni usafi. Orodha inanoga, watu wanaandika, na mhubiri anashuka. Shida yake ni kwamba Kutoka sura ya 28, iliyo mama wa habari hii yote, haielezi maana ya rangi hata moja. Inataja nyuzi, inataja kazi ya fundi, inataja vipimo, halafu kuhusu rangi inanyamaza.

Lakini kuhusu maana yenyewe haikunyamaza. Sura hiyo hiyo inatamka sababu waziwazi, tena mara kadhaa: kitu fulani kiwekwe mahali fulani mwilini ili jambo fulani liwe, au lisiwe. Majina yakae mabegani ili yawe ukumbusho. Sauti isikike ili kuhani asife. Shingo ya joho ipindwe ili isipasuke. Tazameni jinsi sababu ya ibada na sababu ya cherehani zinavyokaa ukurasa mmoja bila kuoneana haya. Ninachowaomba leo ni hicho tu: kabla hamjaipa rangi maana, lifuateni neno "ili".

Kwanza tuyaweke majina sawa, maana lugha yetu imetupa utajiri wenye mtego ndani yake. Watafsiri wa Biblia ya Kiswahili walikuta maneno tayari: kanzu, joho, kilemba, kofia, mshipi. Ni mavazi ya pwani, na ni maneno mazuri. Ila msomaji wa Lamu au Unguja akisikia "joho" anaona vazi lililo wazi mbele, la kutupia juu ya kanzu. Joho la Haruni halikuwa hivyo. Lilikuwa limefungwa pande zote, lina tundu katikati la kupitishia kichwa, na lilivaliwa kwa kuvutwa kutoka juu. Na kanzu yake ya kitani haikuwa nyeupe laini kama ya Ijumaa au ya harusi; neno la Kiebrania linaashiria ufumaji wenye vijumba. Kitu cha tatu, "naivera", vazi la kama aproni lenye vipande vya mabegani, ambalo tafsiri mpya huita "efodi", hakikuwa na mwenzake pwani, ndiyo maana jina lake linaonekana geni mpaka leo.

Kuhani wa kawaida alivaa nguo nne: suruali fupi ya kitani, kanzu, mshipi na kofia. Kuhani mkuu alivaa nane: hizo nne, yeye kofia yake ikiwa kilemba, kisha joho, naivera, kifuko cha kifuani na bamba la dhahabu la kwenye paji la uso. Viatu havitajwi popote. Walihudumu miguu mitupu juu ya sakafu ya mawe, kwa kuwa nyayo zilipaswa kugusa mahali patakatifu pasipo kizuizi. Mishna, mkusanyo wa sheria simulizi za Kiyahudi uliokamilishwa mwanzoni mwa karne ya 3, inataja ofisa wa hekalu aliyepewa kazi moja ya kuangalia maradhi ya tumbo ya makuhani, na Talmudi ya Yerusalemu, ufafanuzi wa baadaye wa Mishna hiyo, inaeleza kisa: walitembea pekupeku, walikula nyama nyingi, na walikunywa maji. Utakatifu ulikuwa na gharama ya mwili.

Utaratibu wa kuvaa unapatikana katika Mambo ya Walawi sura ya 8, siku Musa alipomvika ndugu yake. Alianza na kanzu, akamfunga mshipi, akamvika joho, juu yake naivera, akaikaza kwa ukanda wake, akaweka kifuko, akatia ndani yake Urimu na Thumimu, vitu vya kuulizia shauri la Mungu, akamalizia kwa kilemba na bamba. Suruali haitajwi hapo. Hiyo ilivaliwa kabla ya zote, na sababu yake imeandikwa katika Kutoka 28:42-43: kufunika uchi, ili wasichukue uovu wakafa. Ni sababu nzito kwa nguo isiyoonekana. Katika dunia ambayo mchongaji wa Mesopotamia wa milenia ya 3 KK aliweza kumwonyesha mtumishi wa mungu akitoa sadaka uchi, suruali ile ilikuwa tamko.

Sasa tuje kwenye nyuzi, na hapa naomba tukae kidogo.

Rangi tatu zinatajwa daima kwa mpangilio uleule: samawi, zambarau, nyekundu. Zile mbili za kwanza zilitoka baharini, kwa konokono wa jamii ya mureksi wa pwani ya Mediterania. Nyekundu ilitoka kwa mdudu mdogo anayejishikiza kwenye mialoni; jina lake la Kiebrania lina neno "funza" ndani yake. Mwaka 1909 mkemia Paul Friedländer alitumia konokono 12,000 kupata gramu 1.4 tu za rangi safi. Wekeni hesabu hiyo kichwani mnaposoma kwamba joho zima, toka shingoni hadi pindoni, lilikuwa la samawi tupu. Wala si hadithi ya mbali: mwaka 2021 wataalamu walitangaza vipande vya nguo kutoka machimbo ya shaba ya Timna, kusini mwa Israeli, vilivyotiwa zambarau halisi ya konokono yapata mwaka 1000 KK, na kilichotiwa rangi ni sufu.

Kazi yenyewe inakwenda hivi. Tezi ya konokono hutolewa akiwa hai au amekufa punde tu, kwa sababu rangi huanza kujijenga mara tezi inapopasuliwa. Huwekwa katika maji yenye magadi, yakawa vuguvugu, yakaachwa siku kadhaa mpaka rangi iyeyuke na maji yageuke kimanjano-kijani. Sufu huzamishwa, ikitolewa inakuwa na rangi ileile ya kijani, kisha hewa inaigeuza mbele ya macho yako. Mambo huharibika kwa njia zinazojulikana. Maji yakichemka sana, vijidudu vinavyofanya kazi ya kuyeyusha hufa, na rangi inabaki chembechembe zisizoshika. Chombo kikikorogwa ovyo kikaingia hewa, rangi inarudi kuwa ngumu kabla sufu haijainywa. Na jua! Mkemia Otto Elsner wa Israeli alionyesha miaka ya 1980 kwamba maji hayo yakipigwa na jua kabla ya kutia sufu, zambarau hupoteza elementi ya bromini na kuwa samawi. Konokono yuleyule, chombo kilekile. Mwanga ndio uliotenganisha rangi mbili za patakatifu.

Nyekundu ya mdudu ilihitaji shabu ili ishike, na ilishika sufu. Kitani huikataa: nyuzi zake ni laini na zimebana, rangi hizi huiteleza. Kwa hiyo Biblia inaposema samawi, zambarau na nyekundu pamoja na kitani nzuri, mfumaji anaelewa mara moja kwamba ni sufu iliyotiwa rangi ikichanganywa na kitani. Na huo ndio mchanganyiko ambao Kumbukumbu la Torati 22:11 inaukataza kwa Mwisraeli wa kawaida.

Hapa ndipo wengi huchanganyikiwa. Wanahubiri kwamba sufu na kitani vilikatazwa kwa kuwa ni najisi, au kwa kuwa kuchanganya ni udanganyifu. Vazi la Haruni linakanusha. Kilichokatazwa nyumbani ndicho kilichoamriwa madhabahuni. Yosefo, mwanahistoria Myahudi wa karne ya 1 aliyekuwa yeye mwenyewe wa ukoo wa makuhani, anatoa sababu bila kuzunguka: vazi la namna hiyo limewekewa makuhani peke yao. Ni kama muhuri wa serikali. Hukatazwi kuutumia kwa kuwa mchafu, bali kwa kuwa si wako. Ndiyo maana ile amri ya vishada katika Hesabu 15, kwamba kila Mwisraeli atie uzi mmoja wa samawi kwenye pindo la nguo yake, ni kubwa kuliko inavyoonekana. Mkulima anapewa uzi mmoja wa vazi la kuhani mkuu.

Dhahabu nayo ilikuwa uzi. Kutoka 39:3 inasema waliifua ikawa mabamba membamba, wakaikata nyuzi, wakaifuma pamoja na rangi. Dhahabu safi inakubali hivyo kwa ulaini wake. Ikiwa na shaba nyingi ndani hukakamaa, hukatika kwenye mkunjo na kuisaga sufu. Talmudi inahesabu: kila aina ya uzi, yaani rangi tatu na kitani, nyuzi sita pamoja na mmoja wa dhahabu, jumla saba, mara nne, uzi wa naivera na wa kifuko unakuwa na nyuzi 28. Uzi wa joho ulikuwa na 12.

Nimewaambia tusikimbilie rangi. Basi tukimbilie wapi? Kwenye hema la ibada alimohudumu Haruni. Wekeni Kutoka 26 na 27 kando ya sura ya 28, msome aina za kazi. Uzio wa ua ulikuwa kitani kitupu. Kanzu ya kuhani ni kitani kitupu. Pazia la lango lilikuwa kazi ya mtia taraza, na mshipi ni kazi ya mtia taraza. Mapazia ya ndani na pazia la Patakatifu pa Patakatifu ni kazi ya fundi stadi, ile ya kufuma michoro ndani ya kitambaa chenyewe, na naivera na kifuko ni kazi ya fundi huyohuyo. Vifungo vya mapazia ya ndani vilikuwa dhahabu, vya nje shaba. Mwilini mwa kuhani mkuu shaba haipo kabisa. Na lile joho la "samawi tupu" linaelezwa kwa maneno ambayo Hesabu 4:6 inayatumia kwa nguo iliyofunika sanduku la agano safarini. Vyombo vingine vyote vilisafiri vimefunikwa ngozi juu. Sanduku peke yake lilionekana samawi toka mbali. Kwa hiyo anayemtazama Haruni toka kitani cha ndani hadi dhahabu ya kifuani anapita uani, langoni, na kuingia ndani. Alikuwa amevaa nyumba aliyoihudumia. Hii ndiyo alama kubwa ya mavazi haya, na imefichwa katika majina ya kazi za mafundi, mahali ambapo msomaji wa haraka anapitisha jicho.

Juu ya mabega yake kulikuwa na vito viwili vya shohamu, kila kimoja majina sita ya wana wa Israeli kwa utaratibu wa kuzaliwa kwao, yamechorwa kama muhuri. Kifuani kulikuwa na vito kumi na viwili, safu nne za vitatu vitatu, kila kimoja jina moja. Majina yanatokea mara mbili, na si kwa bahati. Begani ndipo mtu anapobebea mzigo; moyoni ndipo anapowekea anaowafikiria. Mabegani wamo sita sita pamoja, kama taifa. Kifuani kila kabila lina jiwe lake na rangi yake. Sababu inayotajwa kwa pote pawili ni ukumbusho mbele za BWANA. Mbebaji hayaoni majina ya mabegani mwake, na hayakuandikwa ili ayasome yeye.

Kuhusu vito, nawasihi msifundishe orodha kama vile iko wazi. Tafsiri yetu ina almasi katika safu ya pili, na mchongaji wa zama zile hakuwa na chombo cha kuchora herufi juu ya almasi. Mihuri ya Kiebrania iliyofukuliwa ni ya akiki, yaspi na mawe ya ugumu huo. Na "yakuti samawi" ya kale ilikuwa lapisi lazuli, jiwe la buluu lenye vipunje vya rangi ya dhahabu lililosafirishwa toka milima ya Badakhshan, Afghanistan. Mwalimu anayejenga somo zima juu ya ugumu wa almasi amejenga juu ya tafsiri.

Kifuko chenyewe kilikuwa shubiri kwa shubiri, yapata sentimita 22, lakini kimekunjwa. Fundi anayetaka kukitengeneza kwa ajili ya mafundisho akate kitambaa shubiri moja kwa mbili, akunje, aache mfuko ndani. Huo mfuko ni lazima, kwa kuwa Urimu na Thumimu viliwekwa humo, na kwa sababu yake kinaitwa kifuko cha hukumu. Wanaokata kipande kimoja cha kadibodi wamekipoteza kiini. Kosa la pili ni ufungaji. Vito kumi na viwili vyenye vijalizo vya dhahabu ni vizito. Ukivitundika kwa mikufu ya juu peke yake, kuhani akiinama kifuko kinaning'inia mbele na kupiga madhabahu. Kutoka inazuia hilo kwa hesabu: pete mbili pembe za juu, mikufu miwili ya dhahabu hadi mabegani, pete mbili pembe za chini upande wa ndani, na ukanda wa samawi kuzifunga kwenye pete za naivera juu kidogo ya mshipi wake. Dhahabu inabeba uzito, samawi inazuia mtikisiko. Na sababu imeandikwa: kifuko kisiondoke katika naivera. Walimu wa Talmudi walikuwa makini kiasi cha kuhesabu kumwondolea kifuko mahali pake kuwa kosa la kuadhibiwa. Majina yale hayakuruhusiwa kulegea moyoni.

Pindoni mwa joho palikuwa na makomamanga ya nyuzi na njuga za dhahabu, moja hili moja lile. Torati haitaji idadi. Talmudi inataja njuga 72, na wengine humo humo wanasema 36. Sababu imetajwa: sauti yake isikike aingiapo na atokapo, asife. Mtu haingii nyumba ya mfalme kimya kama mwizi. Sisi wenyewe tunabisha hodi mlangoni pa jirani. Haruni alibisha kwa miguu yake.

Na sasa ile kamba. Wengi wenu mmeisikia, na pengine mmeihubiri: kwamba kuhani mkuu alifungwa kamba mguuni siku ya Upatanisho, watu wakasikiliza njuga, zikinyamaza wamvute maiti nje. Kamba hiyo haimo katika Biblia, haimo katika Mishna, haimo katika Talmudi. Inaonekana katika Zohari, kitabu cha mafumbo ya Kiyahudi kilichojitokeza Hispania karne ya 13, zaidi ya miaka 1,200 baada ya hekalu kubomolewa. Isitoshe, hadithi inajivunja yenyewe. Alipoingia Patakatifu pa Patakatifu kuhani mkuu hakuwa na joho, kwa hiyo hakuwa na njuga. Mambo ya Walawi 16:4 inamvika kitani tu: kanzu, suruali, mshipi, kilemba. Naomba kwa moyo wote tuiache. Inawafundisha watu kuisubiri maiti, wakati sura yenyewe inawafundisha kumsubiri mtu anayerudi na msamaha.

Hayo mavazi meupe yanastahili mahubiri yake. Mara moja kwa mwaka mtu aliyebeba dhahabu ya taifa zima aliivua yote akaingia kama kuhani wa chini. Talmudi inasema dhahabu haikuingia kwa sababu ilikuwa mshitaki, kutokana na ndama wa dhahabu aliyeabudiwa jangwani, na mshitaki hawezi kuwa mtetezi. Alibadili mavazi mara kwa mara siku hiyo, dhahabu na nyeupe kwa kupokezana, akizama majini mara tano na kunawa mikono na miguu mara kumi. Weupe huo haukuwa wa bei rahisi: Mishna inataja kitani cha Pelusiamu, Misri, asubuhi, na cha India alasiri. Mavazi aliyoingia nayo ndani aliyaacha palepale, hayakuvaliwa tena.

Bamba la paji la uso liliandikwa MTAKATIFU KWA BWANA, likafungwa kwa ukanda wa samawi. Sababu yake huwashangaza wasomaji: Haruni auchukue uovu wa vitu vitakatifu. Si dhambi za sokoni, bali kasoro za sadaka zenyewe, ibada iliyokosewa na watu wenye nia njema. Hata kilicholetwa madhabahuni kilihitaji kufunikwa.

Kwa mtazamo wa hekalu, vazi lilikuwa sehemu ya ukuhani wenyewe. Kuhani aliyehudumu akiwa amepungukiwa nguo moja, huduma yake ilibatilika. Ndiyo maana hekalu lilikuwa na mtunza mavazi, Pinehasi, na chumba karibu na lango la Nikanori. Na Mishna inasema palikuwa na vidirisha ukutani vilivyoandikwa kila kimoja ni cha nguo ipi. Kwa sababu hiyohiyo, Musa alipopanda mlima Hori pamoja na Haruni aliyekuwa anakwenda kufa, alimvua mavazi akamvika Eleazari mwanawe. Watawala nao walilielewa. Herode na Warumi baada yake waliyafungia mavazi ya kuhani mkuu katika ngome ya Antonia, chini ya muhuri, wakiyatoa siku saba kabla ya sikukuu na kuyarudisha baadaye. Mwaka 45 mfalme Klaudio wa Rumi aliandika barua kuwathibitishia Wayahudi haki ya kuyatunza wenyewe. Dola yenye majeshi iliona kabati moja la nguo kuwa jambo la kuandikiwa barua ya mfalme.

Mnaniuliza nguo zilizochakaa zilikwenda wapi. Za kuhani mkuu zilifichwa. Suruali na mishipi ya makuhani wa kawaida ilichanwa ikasokotwa kuwa tambi za taa kubwa za dhahabu zilizosimamishwa katika ua wa wanawake wakati wa Sikukuu ya Vibanda. Vijana wa kikuhani walipanda ngazi na mitungi ya mafuta, wakaziwasha, na Mishna inasema hapakuwa na ua katika Yerusalemu usiomulikwa na mwanga ule.